Kipande Kilichokatwa Tumboni ni cha Nani?

Chini ya milima ya moto ya Virunga, toka Rutshuru hata Bunagana, na ng'ambo ya mpaka hata Kisoro, ugonjwa wa tumbo ni mgeni wa nyumba nyingi. Mtu huumwa chembe cha moyo kila amalizapo kula. Hununua vidonge dukani, hunywa maji ya majani, hupata nafuu, kisha maumivu humrudia. Walio wengi wana vidonda tu, nao hupona wakitibiwa vema. Lakini wako wengine ambao baada ya miaka huanza kukonda, hushiba kwa matonge mawili au matatu, hutapika kitu cheusi kama masimbi ya kahawa. Ndipo daktari asemapo kwamba hana budi kupitisha mpira mwembamba wenye taa kooni mwa mgonjwa hata tumboni, na kukata kipande cha nyama, kidogo kama punje ya mtama, apate kukipeleka maabara, yaani chumba cha uchunguzi ambacho watu wa Kivu hukiita labo.

Hapo maneno huanza. Ndugu za mgonjwa huuliza: Kipande hiki kinakwenda wapi? Kwa nini nyama ya ndugu yetu isafirishwe mpaka Kampala au Ulaya? Nani atafaidiwa nayo? Wengine hunong'ona kwamba kitauzwa. Nao wenye elimu huwacheka, wakidhani kwamba hofu hiyo ni ujinga mtupu. Si ujinga mtupu. Ndani ya hofu hiyo mna swali la haki lililokwisha wasumbua watu wakubwa wa dunia, na anayelicheka huenda hajalifikiri bado.

Ili kulijibu, yafaa kwanza kujua maabara hufanya nini na kipande hicho.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine hushika nafasi yake, kwa utaratibu. Kansa ni chembe zilizoacha kutii utaratibu huo. Zaongezeka bila kuitwa, zavamia jirani zake, na baadaye zasafiri katika damu na kutua ini au mapafu. Tumboni mambo haya hayatokei kwa siku moja. Wataalamu waliosoma vipande vya maelfu ya wagonjwa kwa hadubini wameiona njia yake: kwanza ngozi ya ndani ya tumbo huwaka na kuwashwa miaka mingi, kisha hunyauka, kisha chembe zake hugeuka sura, zikafanana na zile za utumbo, halafu huharibika zaidi, na mwisho huwa kansa. Safari hiyo yaweza kuchukua miaka makumi. Maana yake ni kwamba kuna muda mrefu ambao mtu angeweza kuokolewa, kama angejulikana.

Ni kitu gani kiwashacho moto huo wa kwanza? Kwa muda mrefu waganga walisema: pilipili, pombe, mashaka ya moyo. Huko Perth, nchi ya Australia, daktari Robin Warren aliona mwaka 1979 vijidudu vilivyojipinda katika vipande vya tumbo alivyokuwa akivisoma. Wenziwe hawakumsadiki, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika uchungu wa tumbo. Yeye na daktari kijana Barry Marshall walijaribu kuviotesha katika visahani, wakashindwa mara nyingi. Mwaka 1982, siku za Pasaka, visahani viliachwa maabara siku kadhaa zaidi ya desturi kwa ajili ya sikukuu, na waliporudi walikuta vijidudu vimeota. Kumbe vilihitaji muda tu. Vikaitwa Helikobakta pilori. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa lilivitia katika orodha ya mambo yaletayo kansa kwa hakika, na mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa tuzo ya Nobel.

Lakini katikati ya habari hiyo pana jambo la kumfikirisha mtu wa dhamiri. Mwaka 1984 Marshall alitaka kuhakikisha kwamba kijidudu hiki huleta ugonjwa katika tumbo lililo zima. Amnyweshe nani? Hakumnywesha maskini wala mfungwa. Alikunywa mwenyewe. Baada ya siku chache alianza kutapika, na kipande kilipokatwa tumboni mwake kilionyesha ngozi iliyowaka. Kisha alikunywa dawa, akapona. Wako wanaomlaumu kwamba alihatarisha mwili asioumba, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo alionyesha jambo moja waziwazi: mtafiti atakaye kuujaribu mwili wa mtu na aanze kwa kuuliza kama angekubali kutendewa hivyo yeye, au mwanawe.

Sasa na tugeukie karibu. Katika miaka ya 1960 Profesa Michael Hutt, mkuu wa elimu ya magonjwa katika Chuo cha Makerere, pamoja na daktari mpasuaji Denis Burkitt, walikusanya habari za kansa toka hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki, nyingine zikiwa za misheni katika mashamba ya mbali. Vipande vya nyama vilitiwa katika vichupa vyenye dawa ya kuzuia kuoza, vikapelekwa Makerere kusomwa. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba kansa ya tumbo haikuenea sawasawa. Ilikuwa nyingi zaidi katika nchi za miinuko: Rwanda, Burundi, kusini-magharibi ya Uganda, milima ya mashariki ya Kongo, na Kilimanjaro. Kwa hiyo watu wakaao chini ya Muhabura na Sabyinyo wamo katika vitabu hivyo, ingawa wengi wao hawajapata kuvisikia. Kijidudu cha Marshall chaishi katika matumbo ya watu wengi mno barani Afrika, na bado kansa hii si nyingi kila mahali. Mbona yapendelea milima? Swali hili halijafungwa hata leo, wala haliwezi kufungwa pasipo vipande vya watu wa milimani wenyewe.

Burkitt huyo anakumbukwa zaidi kwa jambo jingine. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika mataya. Alianza kuwatafuta wengine, akawakuta wengi, na mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa kuukuu yeye na wenzake wawili toka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakipita hospitali kwa hospitali kuuliza habari za uvimbe huo. Mwaka huohuo alitoa hotuba London, naye mtafiti Anthony Epstein alikuwamo kati ya wasikilizaji. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vipelekwe London kwa ndege.

Kwa miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha Desemba 1963 ndege iliyochukua kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikageuzwa kwenda Manchester. Kipande kilichelewa, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwenye haraka angeyamwaga. Epstein aliyatazama kwa hadubini, akaona kwamba uchafu ule ulikuwa chembe hai za uvimbe zilizobanduka na kuelea. Zikalishwa, zikaendelea kuishi na kuzaana nje ya mwili. Mwanzoni mwa 1964 Epstein na wenziwe Bert Achong na Yvonne Barr waliona ndani yake virusi visivyojulikana bado, ambavyo hata leo huitwa virusi vya Epstein na Barr. Ndivyo virusi vya kwanza vya mwanadamu vilivyojulikana kuhusika na kansa.

Msomaji atauliza: Uvimbe wa taya wahusu nini tumbo? Wahusu sana. Miaka mingi baadaye wataalamu walipochunguza kansa za tumbo za watu wa mataifa mbalimbali, walikuta virusi hivyohivyo katika karibu kansa moja kati ya kumi. Mwaka 2014 kansa za tumbo ziligawanywa katika aina nne kwa kadiri ya maandishi ya ndani ya chembe zake, na aina mojawapo ni ile yenye virusi hivi. Jambo hilo si la vitabu tu, kwa maana aina hiyo mara nyingi huitika vizuri kwa dawa mpya ziamshazo askari wa mwili. Mwaka 2022 peke yake watu karibu 970,000 duniani waligunduliwa kuwa na kansa ya tumbo. Sehemu yao waweza kutibiwa kwa akili zaidi kwa sababu mtoto mmoja wa Uganda alikatwa kipande cha nyama, na ukungu ukakichelewesha.

Ugonjwa wenyewe hauchagui mtu. Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliambiwa habari za kansa ya tumbo Septemba 1962, majuma machache kabla ya kufungua Mtaguso, naye alifariki kwa ugonjwa huo tarehe 3 Juni 1963, siku ile ile ambayo Uganda huwakumbuka Mashahidi wake. Waganga wote wa Roma hawakuweza kumzuilia.

Basi turudie swali. Kipande kile ni cha nani, na aliyekichukua ana deni gani?

Jibu la kwanza lisikikalo husema hivi: Ni nyama yenye ugonjwa, ingetupwa shimoni, aliyeiokota hakumwibia mtu. Neno hili lina sura ya kweli, lakini litazamwe vizuri. Mama mmoja wa Bunagana amemenya viazi. Jirani aja, amwomba maganda kwa ajili ya mbuzi wake, naye ampa bila kufikiri. Kumbe maganda yalikuwa manene, yenye macho ya kuchipua. Jirani ayafukia shambani, yaota, avuna magunia, auza Goma. Yule mama hakupungukiwa na kitu, sufuria yake haikuguswa. Je, hakudhulumiwa? Amedhulumiwa. Hakudhulumiwa maganda, amedhulumiwa ukweli. Aliombwa kwa neno moja, na kitu kikatumiwa kwa neno jingine. Pengine angeambiwa angekubali kwa furaha, hata angeongeza viazi viwili vya mbegu.

Jambo hili limetokea duniani kwa wanadamu. Mwaka 1951, katika mji wa Baltimore huko Marekani, mama mweusi jina lake Henrietta Lacks alitibiwa kansa ya mlango wa kizazi. Chembe za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa. Alikufa mwaka huohuo, lakini chembe zake zaishi katika maabara za dunia nzima mpaka leo, zimesaidia kazi ya chanjo ya polio na uchunguzi wa kansa za kila namna, za tumbo zikiwamo. Watoto wake hawakujua neno mpaka ikapita miaka 20 na zaidi. Mwaka 2023 ndipo kampuni moja iliyofanya biashara kwa chembe hizo ilipopatana na jamaa zake. Hakuna atakaye chembe hizo zitupwe. Lakini hakuna pia awezaye kusema kwamba mambo yalikwenda kwa haki.

Wakuu wa waganga hawakulala kabisa katika habari hii. Baada ya waganga wa Hitler kuhukumiwa Nuremberg mwaka 1947 kwa kuwatesa wafungwa kwa jina la elimu, iliandikwa kwamba mtu asijaribiwe pasipo hiari yake. Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pius XII aliwaambia wataalamu waliokutanika Roma kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Tena faida ya wote haimfanyi mtu mmoja kuwa chombo cha wengine. Na mwaka 1964, ule ule wa Epstein, waganga wa mataifa walipatana Helsinki juu ya masharti ya utafiti.

Masharti hayo ni mazuri katika karatasi. Taabu iko kitandani. Mara nyingi kipande ni kimoja lakini kazi ni mbili: nusu yake husomwa ili mgonjwa huyu atibiwe, na nusu huwekwa kwa utafiti utakaowafaa watu wa miaka ijayo. Mgonjwa hudhani kwamba chote ni kwa ajili yake. Daktari, kwa haraka au kwa kuona haya, hamwambii. Wala si daktari peke yake. Ndugu nao humficha mgonjwa hata jina la ugonjwa, wakisema litamvunja moyo. Basi mtu asiyejua anaumwa nini, atakubali nini? Hiari yahitaji ukweli kama mbegu ihitajivyo udongo. Aliyefichwa hakutoa, amechukuliwa.

Husemwa tena: Hawa ni watu wa shamba, hawawezi kuelewa mambo ya chembe na virusi. Neno hili ni la dharau. Mtu wa Bunagana ahesabu faranga za Kongo, shilingi za Uganda na dola katika soko moja asubuhi moja, ajua ushuru wa kila gunia livukalo mpaka, na akikodi shamba ajua mashahidi wangapi wanatakiwa. Mtu huyo huyo ataelewa akiambiwa kwa Kinyabwisha au kwa Kiswahili chepesi: "Kipande hiki, sehemu yake ni ya kujua ugonjwa wako. Sehemu nyingine twaomba tuiweke, tujifunze. Haitakuponya wewe. Ukikataa, utatibiwa vilevile." Maneno haya hayachukui muda wa kuchemsha chai.

Neno la mwisho, "utatibiwa vilevile", ndilo zito kuliko yote. Maana maskini akiahidiwa nauli, dawa na chakula endapo atakubali, ridhaa yake inafanana na ridhaa ya mwenye njaa auzaye shamba la baba yake. Si vibaya watafiti kumpa mgonjwa nauli. Ni vizuri, tena ni wajibu kama wamemwita toka mbali. Ubaya ni kuining'iniza huruma juu ya neno "ndiyo", kama nyama juu ya mtego.

Na anayekataa, je, ana hatia? La. Ombi lisiloweza kukataliwa ni amri, na zawadi haidaiwi kwa amri. Lakini yampasa afikiri. Hakuna kidonge hata kimoja amezacho ambacho hakikutanguliwa na mwili wa mtu mwingine, aliyekubali au asiyeulizwa. Mtu aliye mgonjwa mahututi, asiyetumaini kupona, naye akatoa punje ya nyama yake kwa ajili ya watu ambao hatawaona kamwe, ametenda tendo la upendo ambalo matajiri wengi hawajalifikia. Ndiyo sababu ni vibaya zaidi kulichukua kwa hila: wamwibia mtu huyo hata nafasi ya kutoa.

Deni likikiriwa, hulipwaje? Kwa fedha kidogo tu, nafsi ya mtu haina bei. Mulago ilijaribu kulipa: mwaka 1967 ilifunguliwa huko nyumba ya kutibu watoto wenye uvimbe ule ule wa Burkitt, ambayo ndiyo chanzo cha Taasisi ya Kansa ya Uganda, na watoto wengi walipona kwa dawa peke yake bila kisu, jambo lililoshangaza dunia wakati ule. Tena elimu iliyotoka katika vipande vya Perth yaweza kufika kijijini bila gharama kubwa, kwani kijidudu cha tumbo huuawa kwa dawa mbili za kuua vijidudu pamoja na ile ya kupunguza uchungu, kwa siku 14, chini ya mganga, si kwa kubahatisha dukani. Lakini zile dawa mpya ziamshazo askari wa mwili zina bei ambayo mkulima wa Rutshuru hawezi kuifikia hata akiuza ng'ombe na shamba. Watu wa milima wametoa vipande, dawa zimetoka, nazo haziwarudii. Hapa deni bado liko, na si la daktari mdogo wa zahanati.

Yeye ana deni dogo zaidi lakini la kila siku, nalo ni kurudisha jibu. Kwa ramani, si mbali toka Bunagana hata Mutolere karibu na Kisoro, wala hata Butaro, kaskazini ya Rwanda, ambako hospitali ya kansa ilifunguliwa mwaka 2012 yenye maabara ya kusoma vipande. Kwa miguu ya mgonjwa na kwa mipaka ya mataifa matatu, ni mbali sana. Juni 2022 Bunagana ilipotwaliwa na waasi wa M23, maelfu walivukia Uganda, na anwani zilizoandikwa katika madaftari ya hospitali ziligeuka maneno matupu. Kipande chaweza kusomwa vizuri na jibu likalala katika bahasha. Mwenye kukata na aulize kabla ya kukata: jibu litapita mkononi mwa nani, na mgonjwa akihama atatafutwa kwa simu ya nani, au kwa kanisa gani.

Na jibu likifika baada ya mazishi, lipelekwe hata hivyo. Kile kijidudu huambukizana nyumbani, hasa utotoni, kati ya wale wanaokula na kulala pamoja. Ndugu wa tumbo moja na watoto wa marehemu yawapasa kupimwa, na wakionekana nacho watibiwe mapema, kabla ya miaka ile makumi kwisha.